Khanga Yangu Mabegani pa Mwanamke wa Udongo

...na ndiyo maana leo nimemvunja mtu mkono, jamani nyie wa nyumbani!

Nimempelekea mume wangu mfinyanzi wa sanamu chakula cha mchana karakanani kwake, hapa Dodoma.

Nakuta mwanamke wa udongo, shingo ndefu, amefunikwa khanga yangu. Ile aliyonipa mama kwenye sendofu, siku ya kuniaga! Tena imelowa chapachapa.

Sikuuliza. Nikaivuta.

Udongo wa mkono wote ukadondoka, zikabaki nyaya tu.

"Mke wangu! Kitambaa kibichi kinazuia udongo usipasuke. Sasa ona, umebakiza amecha, mifupa yake."

Mimi amecha niliyoijua ni ile inayozunguka ndani ya mota ya mashine ya baba ya kusaga, Kibaigwa.

"Na huyu ni nani?"

"Bibi wa mteja, enzi za usichana wake. Marehemu."

Nimemwonea wivu marehemu!

Tumeurudisha mkono pamoja, vidole vyake juu ya vyangu. Raha!

Ila roho bado inaniuma. Bibi ameshikwashikwa wiki tatu, ndoa yangu ina wiki mbili. Mngekuwa nyie?

Mama, khanga nimemwachia huyo bibi. Kabla mwezi haujaisha tunakuja Kibaigwa, niwekee nyingine.