Ukurasa Uliosomwa Mbele ya Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu hapa Lushoto, mwanangu, nimesimama kizimbani na maziwa yananichuruzika ndani ya gauni, maana mtoto wangu wa kunyonya nilimwacha nje na mama. Nilishitakiwa kwa kuandika kitabu kichafu. Nikikutwa na hatia, naenda jela.

Usiniangalie hivyo. Najua jana na wewe umetoka polisi kwa ajili ya hadithi yako ya mtandaoni. Wamekuachia, alhamdulillahi, lakini tangu urudi unataka kufuta kila ulichoandika. Kunywa chai kwanza, nikueleze.

Hadithi yangu ilikuwa ya bibi harusi wa huku kwetu milimani. Usiku wa kwanza anaumia, anamwambia mumewe, mume hasikii. Niliandika kama mambo yalivyo, na mwili niliutaja kwa majina yake. Aliyenishitaki polisi ni mwalimu mmoja wa Lukozi, mtu na heshima zake, aliyekikuta kitabu kwa mkewe. Alikasirika kweli, wala sikatai.

Siku ya ushahidi akapewa kitabu asome kwa sauti pale penye uchafu. Akafungua, akakohoa, akainua macho. Benchi la mbele alikuwa ameketi mama mkwe wake, kajitanda kanga, katulia tuli. Unatujua sisi: mwanamume mbele ya mkwewe hata neno kitanda hulimeza. Jasho likamtoka na baridi yote ile. Akaomba asisome. Hakimu akasema asiposikia hawezi kuamua.

 Nilidhani yule mama kaja kuniona nafungwa.

Akaomba ruhusa, akasimama. "Soma, baba," akamwambia mkwewe. "Mimi nimekuruhusu."

Mwalimu akasoma. Mwanzoni alisoma kwa kunong'ona, halafu sauti ikanyooka. Hakuna aliyecheka, hata wale vijana waliokuja kwa ajili ya kucheka. Alipofika pale bibi harusi anaposema, "Naumia, subiri," akakifunga kitabu.

Hakimu akamwuliza uchafu uko wapi.

"Mheshimiwa, nyumbani niliuona," akasema taratibu. "Hapa siuoni."

Baadaye mchana nikaachiwa huru. Nilitoka, nikampokea mtoto wangu kwa mama, nikamnyonyesha palepale kwenye ngazi, nalia na kucheka kama mwehu. Yule mama akapita, nikampa shikamoo, nikamshukuru. Akainama akaniambia kwa sauti ya chini, "Usinishukuru mimi. Binti yangu ndiye aliyenituma."

Ndiye yule mke wa mwalimu, mwanangu. Alikisoma kitabu, akajikuta humo, na kumwambia mumewe hakuwa na pa kuanzia.

Kwa hiyo usifute. Ukiandika jambo la aibu, jiulize kama unaweza kuketi likisomwa mbele ya wakubwa zako. Ukiweza, liache lilivyo, kuna mtu analihitaji. Kama umelitia ili vijana wacheke tu, litoe mwenyewe kabla hujaambiwa. Na wakikuita tena, usiende peke yako. Nipigie simu. Magoti yananiuma, lakini nitashuka na wewe.

Mungu akutie nguvu mkononi, mwanangu, na akupe watu wa kuketi upande wako.