Utepe wa Kamanda

Kuna watu walioumbiwa kukaa, na kuna Sista. Mumewe, fundi cherehani mwenye maneno mengi kuliko wateja, alimwita Kiguu na Njia, na hakumwonea. Chai alikunywa amesimama. Nywele za binti yao alizisuka huku akichungulia sufuria. Hata akiketi, goti moja lilibaki likichezacheza mpaka meza nayo ikaanza kucheza. Mama mkwe alishamuuliza, kwa upole wa mama wakwe, kama nyumbani kwao walikalia miiba.

Kazi ilimfaa. Alikuwa muuguzi pekee katika nyumba ya malezi ya watu wazima wenye ulemavu wa akili, jengo refu lenye korido iliyopakwa rangi ya kijani mpaka usawa wa kiuno, iliyokwanguliwa na migongo ya watu wanaopenda kusimama mahali pamoja. Alihamishiwa hapo kutoka wodi ya upasuaji, na wenzake walimpa pole kana kwamba amefiwa. Naye alidhani atakaa kidogo, kisha aombe uhamisho. Akakuta meno yaliyooza hadi mzizi. Akakuta masikio yaliyojaa nta mpaka wenyewe wakahesabiwa viziwi, na nyayo zenye vidonda vya kisukari ambavyo hakuna aliyeviona, kwa kuwa kila aliyewatazama watu hawa alitazama akili zao tu. Kana kwamba mtu mwenye ulemavu wa akili hana figo! Sista alipandwa na hasira, na habari ya uhamisho ikaishia hapo.

Tatizo lilikuwa sindano. Siku ya chanjo au ya kutolewa damu, nyumba iligeuka uwanja wa mieleka. Mmoja aliingia uvunguni, mwingine alipanda kabatini, na kumshika mtu mzima mwenye hofu si kazi ya mzaha. Basi Sista akabuni jambo. Alimwomba mumewe vipande vya satini nyekundu vilivyobaki sakafuni pa cherehani, akavikata tepe. Asiyelia alibandikwa utepe kifuani kwa pini. Sista aliuliza kwa sauti, "Unaumwa?" Mgonjwa akajibu, "Siumwi!" Na wote wakapiga makofi: "Shujaa!" Muda si muda watu wakawa wanapanga foleni ya sindano huku wanacheka. Wageni waliletwa kuona. Sista alisifiwa, naye akasifika, na usimlaumu bado, maana nani hapendi kuona mtu aliyekuwa uvunguni amesimama foleni?

Aliyezipenda tepe kupita wote ni Kamanda. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na ushei, mabega kama mlango, maneno machache, mkono kwenye paji la uso kumpigia saluti kila apitaye, hata paka. Yeye alijua kwamba kamanda bila tepe ni raia tu. Aliogopa pini itaanguka, kwa hiyo Sista akamshonea utepe wake mfukoni mwa shati kwa uzi mweusi. Kila siku ya kufua aliufumua, akaushona kwenye shati safi, Kamanda amesimama wima pembeni akilinda. Ndiyo saa pekee ambayo goti la Sista lilitulia.

Wa pili wake alikuwa Bibi Harusi, mama mmoja aliyejifunika kipande cha pazia kichwani na kubandika tepe zake zote humo. Siku hizi Bibi Harusi alikuwa akiwagawia wenzake ganda la mkate wake, akibaki na sehemu laini ya katikati. Kila mtu alimsifu kwa ukarimu.

Sasa, asubuhi moja Sista aliingia ofisini akakuta utepe mwekundu juu ya meza yake, katikati kabisa. Akadhani umedondoka kwenye kopo la tepe mpya. Akautia mfukoni pamoja na funguo, akatoka, maana korido ilikuwa inanguruma.

Alikuwa Kamanda. Alikuwa akipiga ukuta kwa kiganja. Chai amekataa, mkate amekataa, na aliyemsogelea kumbembeleza alisukumwa mpaka akakaa chini bila kupenda. Meza moja ilishalala ubavu.

"Mtu wako leo kaamka vibaya," alisema mlezi mkuu, mama mtu mzima aliyelea wengi hapo kabla Sista hajavaa sare. "Dada yake hakuja Jumapili. Ndizo hasira zake."

"Hajawahi kupiga ukuta, Mama."

"Leo kaanza."

Sista alimwendea. "Kamanda, unaumwa?"

Kamanda akanyooka, akatabasamu meno yote. "Siumwi, Sista!"

Nyuma yao watu wawili wakapiga makofi. Sista alimpima joto, limepanda kidogo, lakini na korido ilikuwa ya moto. Alimgusa tumbo amesimama. Tabasamu likazidi kupanuka. Akaulizia choo, akaambiwa amekwenda. Hapakuwa na kitu. Lakini roho yake haikukaa. Alikwenda jikoni bila kujua anafuata nini, akarudi. Akaenda bafuni, akarudi. Kila alipopita, Kamanda alikuwa amejikunja pembeni, na kila alipoona anatazamwa alijikunjua.

Kisha Kamanda akamsukuma mwenzake kwenye kona ya dirisha, mdomo wa mwenzake ukapasuka.

"Sista, mwanangu, yatosha," mlezi mkuu alisema, na hakuwa mkali, alikuwa amechoka. "Daktari aliruhusu dawa ya kutuliza kwa siku kama hizi. Mpe alale. Akiamka atakuwa mzima."

Ilikuwa kweli, ruhusa ilikuwapo. Na damu ilikuwa ya kweli vilevile. Sista akaenda kwenye kabati la dawa, akatia mkono mfukoni kutafuta ufunguo, mkono ukatoka na utepe.

Ulikuwa na uzi mweusi.

Mtu aliyeolewa na fundi cherehani anajua tofauti ya mshono uliokatika na mshono uliofumuliwa. Huu haukuchanwa. Ulifumuliwa tundu kwa tundu, kwa kucha, na mtu mwenye vidole vinene na subira kubwa, kisha ukawekwa katikati ya meza, mahali usipoweza kukosa kuonekana. Kamanda alikuwa amejivua cheo. Alikuja kusema kwamba hastahili tena, kwa njia pekee aliyoachiwa. Na yeye Sista akautia mfukoni kama taka.

Aliogopa. Aliliacha kabati la dawa limefungwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema lolote juu ya anayefundishwa kuyaficha na kupigiwa makofi.

Alirudi kwa Kamanda mbio, akampeleka chumba cha matibabu, akafunga mlango. Kumuuliza tena kulikuwa kazi bure. Jibu lake alilitunga Sista mwenyewe. Basi akapanda kitandani na viatu vyake, akalala chali.

"Kamanda, leo muuguzi ni wewe. Mimi ndiye mgonjwa. Nionyeshe, ninaumwa wapi?"

Kamanda alimtazama muda mrefu. Akatazama mlango. Kisha akanyoosha kidole kinene, akakiweka juu ya sare ya Sista, chini ya kitovu, upande wa kulia. Hakukibonyeza.

"Hapa," alisema. "Panauma sana. Tangu jana." Halafu akainama sikioni mwake, na sauti aliyotoa ilikuwa ya Sista mwenyewe, na ule upole wake wote: "Lakini nyamaza. Usilie. Wewe ni shujaa."

Mlezi mkuu ndiye aliyeita teksi. Aliposikia tu, alivua kitenge chake begani akamfunika nacho Kamanda, na neno la dawa ya kutuliza halikutajwa tena na mtu.

Hospitalini daktari kijana alimuuliza mgonjwa kama anaumwa, akapata saluti, tabasamu na "Siumwi!" Akamgeukia Sista.

"Daktari, usimtazame usoni," alisema Sista. "Uso huo nimeuharibu mimi. Mshike tumbo."

Daktari alimwangalia kidogo, akasugua viganja kuvipasha moto, akashika. Upande wa kulia tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Jasho lilimtiririka Kamanda puani, naye bado anatabasamu. "Kidole tumbo," alisema daktari, na hakuuliza swali jingine. "Aingie sasa hivi."

Sista alizunguka korido ya hospitali mpaka mfagizi akamwomba akanyage upande mmoja. Mumewe alikuja na chupa ya chai, akaketi kwenye benchi, akapapasa nafasi kando yake.

"Kaa basi, Kiguu na Njia."

"Nikikaa nitalia."

"Si ulie? Nani kakukataza?"

Sista aliketi, akalia, mumewe akaikamata chupa ya chai isianguke.

Kamanda aliokoka. Kidole tumbo kilikuwa ukingoni mwa kupasuka, alisema daktari, kingechelewa kutolewa kidogo tu tungekuwa tunazungumza mengine. Kamanda alipozinduka, dada yake ameketi ubavuni, Sista aliinama na ulimi ukamtangulia.

"Unaumwa?"

Midomo ilikuwa mikavu, macho mekundu, mshono mbichi tumboni. Akatabasamu. "Siumwi, Sista."

Sista alikwenda akamwombea dawa ya maumivu. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki alikishona yeye mwenyewe, kwa uzi mweusi, huku amefurahi.

Alirudi nyumba ya malezi asubuhi, sare ile ile, usingizi hajauona. Walikuwa wamekaa ukumbini, na walipomwona wakasimama wote, vifua vyote vyekundu, wakacheka kwa furaha. Aliwatazama mmoja mmoja. Zamani angeona tepe. Sasa hakujua anatazama nini.

"Nani kati yenu anaumwa?"

"Hatuumwi, Sista!" waliitikia kwa pamoja, na makofi yakapigwa.

Akaweka mkoba chini. Akavuta mkeka, akautandika katikati ya ukumbi, mlezi mkuu akamsaidia kuunyoosha pembe bila kuuliza. Sista akalala chali, mikono ubavuni, akitazama dari.

"Haya. Mimi mgonjwa. Muuguzi ni nani leo?"

Wakanong'onezana. Wakasukumana. Mwishowe pazia likasikika likiburuta sakafuni. Bibi Harusi alipiga magoti, akamshika Sista shavu la kushoto, akatelezesha kidole taratibu hadi kwenye gego la nyuma.

"Hapa," alisema. "Lakini nyamaza."