Gauni Jeupe la Jirani

Nina kipaji kimoja ambacho sikukiomba kwa Mungu: nguo ninayoshona haimkai mtu. Niliwahi kumshonea dada yangu blauzi, mkono mmoja ukaingia na wa pili ukakwama kwenye kiwiko, ikabidi tuikate kwa makasi ili tumtoe. Mama alivaa sketi niliyomshonea mara moja tu, kwenda kanisani, kwa mapenzi ya mzazi, kisha akaifanya kifuniko cha redio. Kwa hivyo nilipoletwa Garissa kufundisha sayansi, jamaa zangu walinisindikiza wakilia, lakini nadhani wengine walishusha pumzi walipoona nimepakia cherehani.

Nilikuja nayo kwa sababu kila mtu alisema nitakuwa mpweke. Walimu wa bara niliowakuta hapa walikuwa na ushauri wa aina moja: toka shuleni, rudi nyumbani, funga mlango, andika barua ya kuomba uhamisho. Mimi niliiandika kabla muhula wa kwanza haujaisha. Kila redio ilipotaja Kaskazini Mashariki, kaka yangu alipiga simu kuuliza kama niko hai. Nilimjibu kwamba niko hai, ila hapa nilipo hakuna mtu aliyelitambua hilo.

Basi nikawa nashona. Nilijifunza kwa video za kwenye simu, za wanawake wachangamfu ambao hawakuwahi hata siku moja kuvunja sindano. Mimi nilivunja nne kwa pazia moja.

Siku ya tatu ya pazia hilo, mlango uligongwa. Alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mama wa watoto sita, mke wa mfanyabiashara wa mifugo. Kwa miezi minane tulikuwa tumesalimiana langoni na kuishia hapo.

“Mwalimu,” alisema, “hiyo mashine yako anaumwa. Siku tatu mimi nasikia yeye analia.”

Hakuja kunijulia hali mimi. Alivua ndara, akaingia, akaketi mbele ya cherehani na kuipapasa kama daktari, akalegeza skrubu moja ambayo sikujua hata ipo. “Wewe umekaza uzi kama mtu anafunga mbuzi,” akasema. “Bole bole, abaayo.” Abaayo ni dada. Hakuna aliyeniita dada tangu nitoke kwetu, na nilijionea haya kwa jinsi nilivyolifurahia neno lile, maana sikuwa na hakika kama aliyeambiwa ni mimi au ni cherehani.

Kumbe kila siku baada ya swala ya alasiri wanawake watano walikutana barazani kwake, kila mmoja na kazi yake ya mkono. Cherehani waliyokuwa nayo ilikuwa moja. Kesho yake nikaalikwa. Tuseme ukweli: iliyoalikwa ni cherehani yangu, na kwa kuwa ni nzito, alihitajika mtu wa kuibeba.

Walishona madera, na gorgorad, ile sketi ya ndani inayovaliwa chini ya dera na kuchungulia kidogo tu miguuni mtu anapotembea. Siku ya kwanza nilitoa tepu yangu ya kupimia. Walicheka hadi mmoja akamwaga chai. Dera halipimwi. Unakunja kitambaa, unatoboa shingo, unapiga mishono miwili ubavuni, basi. Mnene, mwembamba na mjamzito wote wanaingia kwa mlango uleule. Kwa mtu mwenye kipaji changu, hapo nilikuwa nimefika peponi. Mwenye akili angetulia.

Sikutulia. Mwezi wangu wa pili barazani, kwa kuwashukuru, niliwafumia vitambaa vya viti, vyeupe, vyenye maua. Kwetu, nyumba yenye makochi yasiyo na vitambaa ni nyumba ya kusikitikiwa. Walivipokea kwa mashallah nyingi, wakavigeuza huku na huku. Ndipo nilipoinua macho na kuangalia sebule ya jirani kwa mara ya kwanza: zulia, matakia yamepangwa ukutani pande zote, na kiti hakuna hata kimoja. Alivikunja kwa heshima akavifungia kabatini.

Pamoja na hayo, nilikuwa na furaha. Nasema wazi kwa sababu wakati ule sikumwambia mtu. Nilikuwa natoka shuleni mbio mbio kama mwanafunzi. Kisomali changu kilikuwa cha kuchekesha na Kiswahili chao kilikuwa na njia zake, lakini uzi ukikatika, mtu husikitika bila kuhitaji lugha. Jirani yangu alinicheka zaidi ya wote, hasa nilipowasimulia blauzi ya dada yangu, na alinifundisha zaidi ya wote. Kama barua ya uhamisho ingejibiwa wiki ile, ningeichana.

Sasa, sisi watu wa bara tuna ugonjwa wetu. Watatu wakikutana mara mbili, wanachagua mwenyekiti. Wakikutana mara ya tatu, wanashona sare. Nilianza kufikiria sare. Nikaona heri nianze na gauni moja la mfano, nimpe jirani yangu, wengine wakiliona watamani.

Na nikachagua rangi kisayansi. Nguo nyeupe hurudisha joto. Hilo nalifundisha kila mwaka. Garissa jua linachoma tangu asubuhi, na barazani pale sikuwahi kuona mtu amevaa nyeupe. Nyekundu, kijani, zambarau, lakini nyeupe hapana. Nilishangaa watu walioishi na jua hili vizazi na vizazi walivyokosa kuligundua jambo dogo namna ile. Ukutani mwa darasa langu nimeandika kwa herufi kubwa KUULIZA SI UJINGA. Sikuuliza.

Nilitaka liwe gauni hasa, lenye mabega na mikono, lisiwe dera. Kwa kuwa kumpima kungeharibu siri, nilitumia nguzo ya baraza. Nguzo ile imepakwa rangi mbili, na jirani yangu ana tabia ya kuiegemea akingoja chai ichemke. Mpaka wa rangi humfika begani kabisa. Siku moja alipoingia ndani niliipima nguzo. Mikono nilikisia kwa kumtazama akianika nguo. Nilishona wiki mbili chumbani kwangu, kwa sindano ya mkono, kwa sababu cherehani ilikuwa imeshahamia kwake.

Wiki niliyomaliza, mume wake alikuwa safarini. Alikuwa amekwenda Liboi, mpakani na Somalia, kununua mbuzi, na kutoka huko kulikuwa na habari kwamba angepitia Hulugho, njia ambazo redio haiachi kuzitaja kwa mabaya. Simu yake ilikuwa haipatikani kwa siku mbili. Jirani yangu alishona bila kusema, mara kwa mara akichukua simu, akiisikiliza, akiirudisha chini ya goti. Nikasema moyoni: huyu anahitaji kitu cha kumchangamsha.

Nilitoa gauni kwenye mfuko nikalikunjua mbele ya wote, jeupe pe, nikalishika kwa mabega.

Hakuna aliyesema mashallah. Cherehani zote mbili zilinyamaza. Mmoja alisema “Audhu billahi” kwa sauti ya chini na kuvuta shuka yake kichwani. Jirani yangu alilitazama gauni, akanitazama mimi, akainuka akaingia ndani.

Aliyenieleza ni yule anayefanya kazi katika ofisi ya kaunti, ambaye Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. “Mwalimu,” alisema, bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, “hapa kwetu mwanamke aliyefiwa na mume ndiye anavaa nyeupe. Miezi minne na siku kumi. Wewe umemletea mwenzako nguo ya eda, na mume wake hatujui aliko.”

Nililiacha gauni pale mkekani nikakimbia. Cherehani nayo ikabaki.

Wiki iliyofuata nilijifunza mambo mengi kuhusu dari yangu. Langoni jirani yangu alipita ameinamisha kichwa, na nilipomsalimia alinijibu vizuri, kama alivyonijibu ile miezi minane ya kwanza. Kurudishwa kwenye salamu kuliniuma kuliko kama angenitukana. Sikuwa na ujasiri wa kwenda kuomba radhi, maana ningeombaje radhi bila kutaja kifo? Wala cherehani sikuweza kuidai. Fikiria mtu anabisha hodi kwa mwanamke asiyejua kama mumewe yuko hai, na kusema amefuata mashine yake.

Nikaomba. Mimi ambaye mume sina na sikuwahi kumwombea mwanamume yeyote zaidi ya dakika moja, nilimwombea mume wa mtu asubuhi, mchana na jioni. Nilimwombea kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama, na kila nilipoona pikipiki ya polisi inakuja mtaa wetu nilisimama hadi ipite. Kwa kweli bwana yule sikuwa nikimpenda sana. Alikuwa na tabia ya kuegesha pikapu yake mbele ya dirisha langu na kunijazia chumba mavumbi na harufu ya mbuzi. Sasa nilikuwa radhi anijazie nyumba nzima.

Ijumaa, watu wakitoka msikitini, dirisha langu likafunikwa na vumbi. Nilitoka mbio bila viatu. Alikuwa anashuka kwenye pikapu, mzima, tena amenenepa, mbuzi wakilia nyuma yake. Simu yake, alisema, ilidumbukia kwenye birika la kunyweshea mifugo huko Hulugho, na yeye hakuona haraka ya kuazima ya mtu kwa sababu nyumbani palikuwa na amani. Nilimshika mkono kwa mikono miwili na kumwambia karibu, karibu sana, Mungu ni mkubwa, hadi akarudi nyuma hatua moja. Mpaka leo huuliza watu mwalimu yule alikuwa na nini siku ile.

Nilidhani nitaitwa siku hiyohiyo. Sikuitwa. Kesho yake alasiri, nikiwa kitandani, nikaisikia cherehani yangu upande wa pili wa ukuta. Niliijua kwa mlio wake, ule mlio mwembamba unaotoka gurudumu likigeuka. Walikuwa wanashona na cherehani yangu bila mimi. Nikaenda mezani, nikatafuta nakala ya ile barua ya uhamisho, nikaisoma, nikaona ilikuwa imeandikwa vizuri.

Mlango ukagongwa. Alikuwa jirani yangu, peke yake, na kitu cheupe begani.

Aliketi chini, akakikunjua. Lilikuwa gauni langu, lakini mabega hayakuwapo tena, wala mikono. Alikuwa amelikata kiunoni, akapitisha kamba, akaligeuza gorgorad. Kutoka kwenye vazi lake alichomoa kimoja cha vile vitambaa vyangu vya viti na kukilaza kwenye pindo.

“Haya maua yako,” alisema, “weka hapa chini, mzunguko wote. Ya ndani haina maneno. Juu mimi naweka nyekundu.”

Nilimwambia pole. Nilimwambia sikujua, kwamba kwetu nyeupe ni ya maharusi, kwamba nilifikiria jua tu.

“Najua hujui. Wewe mwalimu hujui mambo mingi.” Alisema hivyo akitabasamu, na nikaona nafasi.

“Sasa kama ulijua sikujua,” nikasema, “mbona ulininyima uso wiki nzima?”

Alilainisha pindo kwa kiganja, akalilainisha tena.

“Siku ya tatu baada ya wewe kukimbia,” alisema, “watoto walikuwa madrasa. Nikafunga mlango. Nikachukua hiyo nguo, nikaweka kwa mwili.”

Nilisogea karibu.

“Wewe kila kitu unashona inakataa mtu. Wote tunajua. Tunacheka kila siku. Basi nikasema, wacha nijaribu. Ikikataa, baba ya watoto yuko hai, na nitaenda kwa mwalimu nicheke na yeye.” Alinyoosha mkono, akashika bega lake mwenyewe mahali mshono ulipokuwa umekaa. “Haikukataa. Bega sawa, mkono sawa, mpaka chini sawa. Hata dera mama yangu alishona haijakaa hivyo. Nikaketi chini, nikasema, basi. Nimepimwa.”

Mbuzi wa mumewe walikuwa wakilia nje, na mume mwenyewe alikuwa akiwafokea.

Nilichukua sindano yangu ya kufuma, nikaanza ua la kwanza la pindo. Nilimwomba radhi tena, safari hii nikijua ni kwa kosa gani, na yeye akanipa. Maisha yangu yote nilikuwa nimengoja mtu mmoja aniambie kwamba nguo niliyoshona imemkaa, na siku ile nilimwomba anisamehe kwa sababu ilimkaa.