Laptop ya Mama Mkubwa na Fundi wa Mikumi

Wiki ambayo washenga walitakiwa kuja kwetu kuleta posa, mimi niko kwenye gari la Mikumi, laptop mapajani, naenda kumkamata mchumba wangu kwa wizi.

Pembeni yangu kakaa mama mkubwa na chupa yake ya chai. Kanyamaza.

Mama mkubwa akinyamaza ujue kesi ishasikilizwa, imebaki hukumu tu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo mnielewe.

Naitwa Devota, naishi Kilosa, mtaa wa Magomeni. Shule niliishia la saba. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na dada yake, ndo huyu mama mkubwa Teresia.

Mama mkubwa anakodisha vyombo vya shughuli. Masufuria, sahani, mabeseni, chupa za chai. Iwe harusi, iwe msiba, iwe kipaimara, watu wanakuja kwake.

Na kila chombo chake kina alama. Rangi ya kucha nyekundu, nukta moja, kwa chini.

Hata kijiko.

Yeye mwenyewe kucha hapaki. Ila kichupa cha rangi hakitoki kwenye pochi yake. Anasema watu wa shughuli sio wezi, ila vyombo vikishachanganyika kila mtu anakumbuka kwamba cha kwake ni kile kipya.

Mbele ya nyumba tuna kibanda cha steshenari, mimi ndo nakaa pale. Natoa kopi, nachapa barua za maombi, naingizia watu nyimbo kwenye memori kadi. Siku za mnada wafugaji wakishuka mjini wanajaa, kila mtu anataka nyimbo za kwao, na hakuna anayependa kusubiri.

Yote hayo kwa laptop moja ya mtumba, mali ya mama mkubwa. Ilikuwa imechoka mbaya. Unaiwasha, unaenda kufagia uwanja, unarudi bado inazungusha kile kiduara.

Hapo ndo anaingia Ditram.

Ditram ni fundi simu na laptop kule Mikumi, meza yake iko kando ya barabara kuu, malori yanapopaki. Tulijuana kwenye harusi moja Ulaya, kile kijiji cha huku huku Kilosa. Yeye alikuja kufunga muziki, mimi nimefuata vyombo vya mama mkubwa. Akanikuta nageuza sahani moja moja. Akauliza natafuta nini, nikamwambia natafuta nukta nyekundu. Akachuchumaa akaanza kugeuza na yeye.

Hakuniomba namba siku ile. Aliomba kwa ndugu wa bibi harusi, wiki iliyofuata.

Basi mambo yakaenda, mpaka akasema anataka kutuma washenga. Mjomba Tomasi akakubali kuwapokea. Mama mkubwa akasema sawa.

Ila alisema ile sawa ya kuvuta.

Kuhusu laptop, Ditram alisema tatizo ni diski ya zamani, ile inayozunguka ndani kama santuri. Tutoe, tuweke SSD, zile diski za kisasa zisizozunguka, mashine itakuwa kijana tena. Akaagiza moja kutoka Dar. Ilipofika tukaenda Mikumi, mimi na mama mkubwa.

Akatuonyesha. Kitu chembamba, chepesi, kama kioo cha mfukoni. Akakiweka mezani. Mara dereva wa lori akamwita aje achukue simu ya kutengeneza, Ditram akavuka barabara.

Mama mkubwa hakupoteza muda. Kafungua pochi, katoa kichupa, kashika ile diski.

Nikamwambia mama, hicho sio chombo cha pilau. Akasema ndo maana, pilau ikiibiwa utaijua kwa harufu.

Akatafuta sehemu ya ukingoni, ambayo ikishachomekwa haionekani. Akagusa nukta yake. Akapuliza. Ditram alivyorudi kichupa kilishalala kwenye pochi.

Ditram hakuangalia. Akachomeka, akafunga skrubu, akawasha.

Jamani, ile mashine iliwaka kabla sijameza mate.

Nilirudi Kilosa nina raha. Wateja wanashangaa, nachapa, natoa, naingiza nyimbo chap. Nikajiona na mimi nina ofisi.

Halafu ikaanza kubadilika.

Kwanza kidogo kidogo. Nikifungua picha inaganda, inaachia. Nikikopi nyimbo inaenda vizuri, inasimama, inaenda. Nikampigia Ditram. Akaja Kilosa, tukaongea, akaondoka nayo Mikumi kwenda kupiga windo upya, yaani kuweka Windows mpya. Akairudisha baada ya siku mbili.

Ikawa mbaya kuliko alivyoichukua.

Mimi sio mtu wa kelele. Nilikaa nayo. Nikaingia mtandaoni nikasoma watu wanasemaje. Wanasema SSD ikijaa sana inakuwa nzito, nikafuta muvi mpaka ikabaki na nafasi kubwa. Bado. Wanasema angalia virusi, nikaangalia. Wanasema kuna programu zinajiwasha zenyewe, nikazizima. Wanasema mashine ikiwekwa kubana chaji inajivuta, nikaiondoa huko.

Bado.

Siku ya mnada mfugaji mmoja, Kisio, mteja wangu wa siku nyingi, alisubiri nyimbo zake mpaka ng'ombe wake wakauzwa na ndugu yake. Akaniambia kwa upole tu, "Dada, mashine yako imezeeka kuliko babu." Akachukua memori kadi yake akaenda kwa jirani.

Ile iliniuma.

Nikaipeleka kwa Lusekelo, fundi wa pale mjini karibu na soko. Akaweka programu yake ya kupima, tukakaa tunaangalia namba zinavyopanda kwa shida.

Akashusha pumzi. "Dada, huu mwendo ni wa diski ya kuzunguka. SSD haiendi hivi. Wakati anafunga ulikuwepo?"

Nikamwambia nilikuwepo.

"Na alivyoondoka nayo?"

Nikasema hapo sikuwepo.

Akasema jina linaloonekana kwenye mashine ni la SSD kweli, ila hata feki ina jina. Akasema wapo mafundi wanatoa nzuri wanaweka kimeo, mteja atajulia wapi.

Nikampigia Ditram hapo hapo. Sikumwambia niko wapi, nikamwambia tu kwamba mashine imezidi, nataka nimpe fundi wa huku aifungue aangalie.

Akadakia haraka. Akasema nisimpe mtu yeyote aifungue. Nimsubiri yeye.

Kwa nini mtu yeyote asifungue?

Kuanzia hapo kila kitu chake nikawa nakiangalia kwa jicho lingine. Akichelewa kupokea simu, nasema anajipanga. Akipokea haraka, nasema ana wasiwasi. Siku moja akaniambia amepata laptop nzuri ya kufanyia kazi, iko fasta balaa. Alikuwa anafurahi. Mimi nikawa nawaza, hiyo fasta imetoka wapi.

Nikamwambia mama mkubwa. Nilijua atawaka. Hakuwaka. Alikaa kwenye kigoda akawa anachambua mchele, akachambua, akachambua.

Mwisho akasema, "Alama si ipo."

Nikasema basi nimpe Lusekelo afungue tuone. Akakataa. Akasema ikifunguliwa huku, Ditram atasema Lusekelo ndo kabadilisha. Ifunguliwe mbele yake, kwa mkono wake, sisi tunaangalia. Nukta ikiwepo, posa ije. Nukta isipokuwepo, mjomba Tomasi awapigie washenga wasipoteze nauli.

Ndo hivyo tukajikuta kwenye gari la Mikumi.

Njia nzima nilikuwa naomba. Sijui nilikuwa naombea nini. Niliogopa nukta isiwepo, niolewe na nani. Niliogopa iwepo, halafu Ditram ajue tulikuja kufanya nini.

Tulimkuta mezani kwake, kainamia simu. Akasimama, akafuta mikono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Haikuongezwa hata hujambo.

Mama mkubwa akaweka chupa ya chai mezani, akavuta kiti karibu kabisa, magoti yanagusa meza. Akasema fungua hapa hapa, na sisi tujifunze.

Ditram akacheka kidogo, akachukua bisibisi. Nilikuwa naangalia vidole vyake, havitetemeki. Akafungua skrubu zote, ila kona moja akaishika kwa kucha, polepole kama anabandua plasta. Akasema hapo palikuwa pamevunjika tangu zamani, alipaunga na gundi, ndo maana hakutaka fundi mwingine afungue, angemaliza kila kitu.

Ile siri yote ilikuwa gundi.

Lakini diski bado.

Akaivuta. Akaigeuza.

Nyekundu ilikuwepo.

Nilitaka kulia. Mama mkubwa hakutingishika. Alininong'oneza sikioni, "Basi ilikuwa feki tangu siku ya kwanza." Yaani hakumwachia hata dakika moja ya kupumua.

Ditram hakutusikia. Alikuwa amewasha tochi ya simu, anaangalia ule ukingo. Ina vile vijimeno vya dhahabu pale inapochomekwa, anaviangalia kimoja kimoja. Akakwangua na ncha ya kijiti. Kikatoka kiganda chekundu.

Akakiangalia kidoleni.

Halafu akaangalia chupa ya chai. Akainyanyua, akaigeuza chini juu, kama alivyokuwa anageuza sahani Ulaya.

Nukta.

Akairudisha mezani taratibu.

"Devota," akasema, "hii mliweka lini?"

Mama mkubwa ndo alijibu, sauti imepungua. Akasema siku ile ya kwanza, ulivyovuka barabara.

"Siku ya kwanza," Ditram akasema. "Kabla sijafanya chochote."

Lori likapita, vumbi likatupitia.

Mama mkubwa akajaribu. Akasema mwanangu, vyombo vyangu vyote vina alama, hata ungo. Ditram akaitikia kwa kichwa tu. Akanyanyuka akaenda saluni ya jirani kuomba dawa ya kutolea rangi ya kucha. Tukasikia dada wa saluni anamtania, fundi leo unatoa kucha za nani.

Akarudi. Akachovya pamba kidogo kwenye kijiti, akawa anasafisha jino moja moja, kwa uangalifu mno asiharibu plastiki. Huku anaeleza, ila hamwangalii mtu. Rangi iliwekwa mbichi, ikamiminikia kwenye meno. Mwanzo meno yalikuwa bado yanagusa, rangi ilivyokauka na kupata joto ikaziba. Taarifa zinapita pale. Zikigonga rangi mashine inarudia, inarudia, mwisho inajishusha mwendo yenyewe.

"Kosa langu ni kutoangalia kabla ya kuchomeka," akasema. "Niliwaamini."

Bora angetutukana.

Akachomeka, akawasha. Ikawaka kabla sijameza mate, kama mwanzo.

Alikataa malipo. Alitusindikiza mpaka kwenye gari, akampa mama mkubwa mkono, akamuaga vizuri kabisa. Kuhusu washenga hakusema neno. Na sisi hatukuuliza, tungeanzia wapi.

Siku zilizofuata sikumpigia, na yeye hakupiga. Laptop inakimbia, mimi nimekaa mbele yake kama nimefiwa. Kisio alirudi, akasifia mashine imerudi ujana. Nikamshukuru, machozi yako karibu.

Jumapili, siku waliyopangiwa washenga, mama mkubwa aliamka akapika. Nikamwambia mama, hawaji hao. Akasema mimi napika tu. Mjomba Tomasi akaja na shati lake la kanisani, akakaa. Chakula kikapoa. Mjomba akaanza kuangalia viatu vyake.

Jua limeshakaa upande wa reli, jioni inaingia, ndo tukasikia hodi.

Washenga wawili, wazee. Gari liliwaharibikia njiani, wamechoka, wana vumbi mpaka kwenye kope. Wakakaribishwa, wakanawa, wakala. Yakaanza maneno ya kimila, mjomba anajibu, mimi niko chumbani sikio liko ukutani.

Walipomaliza, mzee mmoja akasema kuna kifurushi kingine, hiki hakihusiani na posa, ni cha mama mkubwa peke yake.

Nikachungulia pazia.

Mama mkubwa akafungua karatasi. Kichupa cha rangi ya kucha. Nyekundu, kipya.

Mzee akasema, kama mtu aliyekariri njiani asisahau, "Kijana anasema hiki ni cha kwako, mama. Anasema safari hii alama umuwekee yeye mwenyewe, ili akipotea ajulikane ni wa nyumba hii."

Mjomba Tomasi alicheka mpaka akakohoa.

Mama mkubwa hakucheka. Alishika kile kichupa kwa mikono miwili, macho yamejaa maji.

Halafu, naapa, akakigeuza. Akaangalia kizibo kama hakijafunguliwa.

Tulifunga ndoa baada ya mavuno. Kichupa kipo kabatini mpaka leo, hakijatumika.

Wewe unayesoma, kama umewekewa SSD na mashine inajivuta, futa vitu, angalia virusi, fanya yote. Yakishindikana, mwambie fundi aichomoe muangalie pale mdomoni inapochomekwa, kabla hujamwita mwizi.

Na kama umeshaanza kumwekea mtu alama kimya kimya, kaangalie vizuri. Inawezekana kinachokukwamisha ni rangi yako mwenyewe.