Diski Pacha na Ng'ombe wa Kogo

Nakumbuka siku moja kule kwetu Roret, mwanangu, miaka ya tisini ikielekea kuisha, nilipomwita nyanya yangu aje aone kompyuta yangu. Sote tulimwita Kogo. Nilikuwa kijana mwenye majivuno kidogo, na usicheke, maana nawe unayo.

Ndani ya hiyo kompyuta nilikuwa nimechapa hadithi zake zote na nyimbo zake za kubembeleza watoto. Tulifanya kazi hiyo jioni, tukishatoka kuchuma majani chai, yeye akisimulia nami nikichapa. Nilikuwa na haraka kwa sababu Kogo alikuwa ameanza kusahau. Siku nyingine aliniita kwa jina la marehemu mumewe, nami niliitika tu. Niliogopa kwamba maneno hayo yakipotea, hataweza kunisimulia tena.

Ndiyo maana nilitafuta diski ya pili. Linux, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta niliojifunza chuoni, uliweza kufunga diski mbili zikafanya kazi kama pacha: neno likiandikwa kwenye moja linaandikwa papo hapo kwenye nyingine, na moja ikifa, nyingine inaendelea na kazi. Nilihangaika nazo mpaka zikakubali. Basi nikamwambia Kogo kwamba sasa hadithi zake hazitapotea kamwe.

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza hizo diski ziko wapi. Nikamwonyesha sanduku la kompyuta.

"Zote mbili?"

"Zote mbili, Kogo."

"Sasa wewe umefunga ng'ombe mbili kwa boma moja, halafu unasema umeweka kimanagan?"

Kimanagan ni desturi yetu ya zamani. Mtu humpeleka ng'ombe wake akatunzwe na rafiki au ndugu anayeishi mbali. Mtunzaji hunywa maziwa, ng'ombe hubaki wako, na ugonjwa ukiingia bomani kwako hukosi mbegu. Nilimweleza Kogo kwamba diski haziugui kama ng'ombe. Hakubishana nami. Alisema tu nimpelekee shangazi yangu wa Sosiot nakala moja, akaendelea kunitazama. Nikanakili kila kitu kwenye disketi, kile kisahani kidogo cha kubeba mfukoni, nikaipeleka, zaidi kwa kumfurahisha kuliko kwa kumwamini. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu wakati ule zilikuwa fupi.

Unazijua radi za kule kwetu. Msimu huo moja ilipiga waya wa stima karibu na nyumba, kompyuta ikaungua, na diski zote mbili zikafa pamoja. Nililia, mtu mzima mimi. Kogo aliuliza kwanza kama kuna aliyeumia, ndipo akasema twende Sosiot.

Shangazi alipotusikiliza alicheka. Alisema disketi ipo, lakini maziwa yake ameshayanywa: karani wa shule alimchapishia zile hadithi na nyimbo kwenye karatasi, naye amekuwa akiwasomea na kuwaimbia watoto wa pale nyumbani. Akawaita waimbe. Wakaimba wimbo mmoja wa kubembeleza, ubeti kwa ubeti, na walipofika wa mwisho Kogo akanishika mkono.

"Hiyo nilikuwa nimesahau," alisema, machozi yakimtoka huku anatabasamu. Nilimpenda sana siku ile.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami niliponea chupuchupu. Kwa hiyo, mwanangu, funga diski zako pacha, maana diski hufa bila kuaga. Lakini usiishie hapo. Kile unachokithamini kipeleke pia mbali, kwa mtu anayekupenda, na umwachie anywe maziwa yake, kwa sababu kitu kinachotumika hakisahauliki upesi.

Mungu akupe ndugu wa kukutunzia. Mvua ya mawe ipite kando ya chai yako, na siku utakapoanza kusahau, awepo mtoto wa kukuimbia.