Boza la Maji ya Ziwa

Aneth Melkizedeki alizaliwa upande wa Mkalama, kwa wakulima wa uwele na alizeti ambao bahari waliijua kwa kuisoma shuleni na kuisikia kanisani. Kabla ya kwenda chuo cha uvuvi huko pwani, maji makubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona yalikuwa Ziwa Singidani, siku baba yake alipompeleka mjini kutibiwa jicho. Wanaomfahamu leo akiwa ofisa wa uvuvi, anayeingia kwenye mabwawa ya watu na mabuti yake ya mpira na kusema kilichoharibika bila kuzunguka, hudhani alizaliwa mkali. Sivyo. Alikuwa binti mpole kupita kiasi, wa kupiga goti akiwasalimia wakubwa, na asiyejibu mpaka aulizwe mara ya pili. Ndiyo maana jambo alilolifanya mwaka ule wa mvua kubwa linastahili kuandikwa.

Miaka ile biashara zilikuwa zimefunguliwa. Kila mwenye lori alianzisha kitu: ukumbi wa video, baa, duka la mitumba, mashine ya kukamua alizeti. Wengi walichukulia ruhusa ya kuuza kuwa ni ruhusa ya kufanya lolote, mradi mteja akubali. Mzee Kombo alikuwa afadhali kuliko wengi wao. Hakupunja mtu kwenye mizani na hakukosa msikitini. Baba yake alikuja kutoka Pangani akiuza vitambaa, na ingawa Kombo mwenyewe alizaliwa na kukulia Singida mjini, alipenda kusema kwamba damu yake ni ya pwani. Kwa fahari hiyo alijenga ukumbi jirani na ziwa, akaweka matangi ya vioo, akayajaza maji ya bahari yaliyoletwa kwa mapipa na lori lake, na ndani yake akatia viumbe ambao watu wa bara walikuwa hawajawahi kuwaona: changu, vitatange wa rangi kali, bunju wanaojivimbisha, viti vya pweza wenye mikono mitano kama nyota, na pweza jike mmoja. Watu walikuja kutoka Mtinko na Shelui. Shule zilileta watoto kwa mistari.

Chuo kilimpanga Aneth kufanya field, mafunzo ya kazini, hapo pamoja na mwenzake Idrissa, kijana wa pale pale mjini. Kazi yao ilikuwa kufyonza uchafu wa chini kwa mpira, kusugua vioo, kuwakatia viumbe kamba wa kwenye friji, kupima chumvi ya maji, na kuhakikisha tangi la pweza limefunikwa ubao wenye jiwe juu. Bila jiwe alitoka. Bi Mboni, dada yake Mzee Kombo, aliyekaa dirishani kukata tiketi, alimkuta asubuhi moja akijikokota sakafuni kuelekea mlangoni.

"Huyu naye kaichoka Singida," alisema, akamwita Aneth aje amrudishe.

Mwisho wa field mwalimu angekuja kutoka chuoni, na mwenye mahali angetoa alama mbele yake: maarifa, bidii, usafi, utii. Anayeanguka katika jambo moja hurudia field nzima mwaka unaofuata, na wenzake wanahitimu wakimwacha. Wote wawili walilijua hilo. Kijijini kwao Aneth hakukuwa na msichana aliyewahi kufika chuo, na mama yake alikuwa ameshaanza kuwaambia watu kwamba mwaka huu anamaliza.

Kisha mvua ikakata barabara. Dereva Stefano, aliyekuwa akileta mapipa ya maji ya bahari, alipiga simu kwamba amekwama Bahi na malori mengine yamezama matope hadi mlangoni. Ukumbini maji yalikuwa yamechoka. Maji ya tangi hayakai tu kama ya mtungi. Samaki wanakula humo na kuchafua humo humo, na yasipopunguzwa na kuongezwa mapya hugeuka sumu. Akiba ya mapipa ilikuwa imebaki kidogo sana. Vitatange walianza kukaa juu, midomo kwenye uso wa maji. Pweza aliacha kutoka pangoni mwake.

Aneth alimweleza Mzee Kombo la kufanya. Matangi ya mbele yafungwe. Samaki wote wahamishiwe tangi la nyuma pamoja na maji mazuri yaliyobaki, pweza akae peke yake kwenye pipa safi, chakula kipunguzwe, na watu wasiingie kugongagonga vioo mpaka Stefano afike.

"Watu wasiingie," Mzee Kombo alirudia. "Mwanangu, kesho kutwa ni Idi. Nimeshatangaza mpaka Itigi."

"Najua, mzee."

"Basi tafuta lingine."

Lingine alilitafuta yeye mwenyewe. Asubuhi iliyofuata boza, lori la tangi, liliingia uani likiwa limejaa maji ya Singidani, na Mzee Kombo akashuka upande wa abiria akiwa na kanzu na uso wa mtu aliyemaliza tatizo.

Kosa hilo lingeweza kufanywa na mtu wa Singida tu. Mtoto wa pale hukua akiambiwa asinywe maji ya ziwa kwa sababu ni ya chumvi, na akisikia kwamba bahari nayo ni ya chumvi, anaona amemaliza somo. Mtu wa Mwanza, ambaye ziwa lake halina chumvi, asingewaza hivyo. Mzee Kombo, ambaye bahari ya baba yake aliirithi kwa maneno, alikuwa na uhakika kuliko wote.

"Shikamoo mzee," Aneth alisema.

"Marahaba. Umeona? Mungu ametupa bahari mlangoni, sisi tunahangaika na Bahi."

"Mzee, hayo si maji ya bahari. Hayo ni ya magadi."

"Chumvi ni chumvi. Nimeogelea mle utotoni, nimeyameza."

"Na ukatapika mpaka jioni," Bi Mboni alisema kutoka dirishani.

"Wewe kata tiketi."

Aneth alipiga hatua moja mbele. Idrissa, aliyesimama nyuma yake, alimvuta kidogo mkono wa gauni, lakini Aneth alikuwa ameshaanza kusema.

"Nyumbani mama anatia magadi kwenye mlenda ili ulainike upesi, mzee. Kidogo tu, na jani gumu linakuwa uji. Pweza hana magamba. Ukimwagia yale maji, yatamla ngozi."

Mzee Kombo alikuwa amefunga, siku ndefu ya kumi la mwisho la Ramadhani, na msichana wa kumzaa alikuwa anamkatalia mbele ya dereva wa boza, mbele ya dada yake na mbele ya watu waliosimama kuchungulia getini.

"Kwenu mnajibu wazee hivi?"

"Hapana, mzee."

"Haya. Tufanye kwa macho. Idrissa, leta ndoo ya maji ya boza. Mtie samaki mmoja."

Idrissa alimtia kitatange wa manjano. Wote waliinama juu ya ndoo. Samaki aliyekuwa amezubaa tangini alichangamka ghafla. Alizunguka ndoo kwa kasi, akageuka, akazunguka tena. Mzee Kombo alinyoosha mgongo.

"Kafurahi," alisema. "Tazameni. Kwenye maji yako alikuwa anakufa, kwenye yangu anacheza."

Watu wa getini walicheka. Aneth alijua kinachotokea, lakini kujua na kuonyesha ni vitu viwili tofauti. Macho ya wote yalimwona samaki mzima.

"Hachezi, mzee. Anatafuta pa kutokea. Tusubiri mpaka alasiri."

"Naenda kuswali adhuhuri. Idrissa, nikirudi nikute matangi yamejaa, uanze na la pweza. Na wewe," alimgeukia Aneth bila kupandisha sauti, "mwalimu wako anakuja wiki ijayo. Kumbuka hilo."

Alitoka. Dereva wa boza alimfuata, na watu wakatawanyika. Idrissa alifunga mpira kwenye koki ya boza, akauvuta kuelekea ndani.

"Idrissa, ngoja."

"Ningoje nini? Umesikia mwenyewe."

"Ulikuwepo darasani. Unajua haya maji yana nini."

"Najua." Hakumtazama. "Na najua nani anatoa alama. Dada, samaki ni wake, tangi ni lake, ukumbi ni wake. Wakifa, wamekufa wake. Usituletee soo."

Maneno hayo ya Idrissa yamesemwa na wengi toka siku zile, katika ofisi kubwa kuliko ukumbi ule, na aliyeyasema alikuwa kijana mwenye adabu aliyepiga magoti kila alipopaswa. Utii wa namna hiyo hauna ubaya wa kuonekana. Ubaya wake uko kwenye kitu kinachofunguliwa baadaye na mkono uliotii.

Aneth alikwenda ndani. Aliinua ubao wa tangi la pweza, na pweza akatoa jicho moja pangoni. Alikuwa amegeuka rangi ya majivu, rangi yake ya woga. Mdomo wa mpira ulikuwa umeshaning'inia ukingoni mwa kioo, na nje Idrissa alikuwa na mkono kwenye koki.

Alirudi uani akachungulia ndoo. Laiti kitatange angekuwa amelala ubavu, kila kitu kingekuwa chepesi. Lakini bado alizunguka, polepole kidogo tu. Hakuwa na ushahidi wowote wa kumwonyesha mtu. Alikuwa na alichofundishwa, na alichokiona jikoni kwa mama yake.

"Bi Mboni," aliita, "ukifungua koki ya nyuma ya boza, maji yanaelekea wapi?"

"Mtaroni, mwanangu. Halafu ziwani." Bi Mboni alimtazama vizuri. "Usifanye hivyo. Kombo ni kaka yangu, namjua."

"Nisamehe, shangazi."

Akang'oa mpira kutoka kwenye tangi la pweza, akaukokota hadi nje, na kabla Idrissa hajaelewa, akazungusha koki kubwa ya nyuma mpaka mwisho. Maji yakatoka kwa nguvu yakipiga matope. Idrissa alikimbia kuifunga. Aneth alisimama mbele yake, mgongo kwenye koki, mikono ameishika nyuma yake, na maji yakimlowesha gauni.

"Umepata wazimu? Toka."

"Sitoki."

"Nitakuondoa."

"Niondoe."

Hakumwondoa. Walisimama hivyo wakitazamana mpaka sauti ya maji ikapungua na boza likaanza kutoa mlio wa utupu. Idrissa aliketi kwenye tairi kuukuu.

"Umejimaliza mwenyewe," alisema taratibu.

Mzee Kombo aliporudi, alipita getini viatu vyake vikichota matope. Alitazama ua, akatazama boza, akamtazama Aneth aliyelowa toka kiunoni.

"Shikamoo mzee," Aneth alisema.

Hakuitika. Katika mji ule, mzee kukataa kuitikia shikamoo ni hukumu, na Aneth aliipokea akiwa ameinamisha kichwa. Kisha Bi Mboni alitoka kwenye chumba chake cha tiketi, jambo ambalo hakulifanya mchana wakati wa kazi, akaibeba ndoo kwa mikono miwili, akaiweka miguuni mwa kaka yake.

Kitatange alikuwa amelala ubavu juu ya maji. Utando mweupe ulikuwa umemfunika kama ute wa mlenda, na manjano yake yote yalikuwa yamezimika. Mdomo ulifunguka mara moja, ukafunguka tena, haukufungika.

Mzee Kombo aliinama, akamshika kwa vidole. Ute ulimganda mkononi.

"Alikuwa bado mzima ulipomwaga?" aliuliza.

"Ndiyo, mzee. Alikuwa anaogelea."

"Kwa hiyo ulimwaga hujui."

"Nilijua, mzee. Nilikuwa sina cha kukuonyesha."

Alifuta mkono kwenye kanzu yake nyeupe, kosa ambalo dada yake hakuthubutu kulisema. "Hamisheni samaki," aliwaambia vijana. "Kama alivyosema huyu."

Siku ya Idi alisimama mwenyewe getini, na nguo zake za sikukuu, akiwaambia watu waliotoka mbali kwamba ukumbi umefungwa kwa sababu viumbe wanaumwa. Wapo waliomzomea. Stefano alifika baadaye na mapipa yake, na changu wawili tayari walikuwa wamekufa kwa uchovu wa maji, lakini wengine walipona, na pweza, aliyerudishwa tangini, akaanza tena kusukuma ubao wake.

Mwalimu alikuja kutoka chuoni. Maarifa, Mzee Kombo alimsifu Aneth. Bidii, akamsifu. Usafi vilevile. Wakafika kwenye utii.

"Mwandikie sifuri," alisema. "Nilimwagiza, hakutii. Akamwaga maji yangu mbele ya watu. Siwezi kusema uongo."

Mwalimu alimtazama Aneth. "Una la kusema?"

"Hapana, mwalimu. Ni kweli."

Idrissa alipita na kuhitimu mwaka ule. Aneth alirudi Mkalama kulima na wazazi wake msimu mzima, na kanisani walimuuliza mama yake mbona binti hajamaliza. Kuna watu humwambia Aneth leo kwamba angeweza kukata rufaa, kwamba alionewa. Hukataa. Mzee alisema kweli kama yeye alivyotenda kweli, na kweli mbili zikikutana mtu mmoja hulipa. Anayetaka kufanya la haki bila kulipa chochote hajaamua bado.

Chuo kilipopanga tena field, kilimwambia achague mahali pengine. Lakini Mzee Kombo alikuwa ameshapiga simu chuoni kuomba arudishiwe huyo huyo.

Alifika asubuhi, begi mkononi. Boza lilikuwa limesimama uani, na Mzee Kombo ameketi kwenye kiti mbele ya koki yake, mpira umeviringishwa miguuni pake, haujafungwa popote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Weka begi." Akanyanyuka, akasogeza kiti pembeni. "Stefano kaleta maji jana, safari hii kwa boza. Anasema ni ya bahari. Yapime kwanza, mimi sijayatia."