Kiti cha Fundi Juu ya Trela

Nakumbuka asubuhi moja pale Kapsoit, mwanangu Cherotich, asubuhi ambayo miguu yangu ilikataa kupanda trela niliyoitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe. Usicheke kwanza. Weka hiyo spana chini, kaa hapo juu ya tairi nikueleze, halafu utacheka ukipenda.

Wewe unanijua nikiwa Kogo, bibi yako wa kuchuma majani chai na kugombana na kuku. Hukuniona nikiwa na miaka ishirini na miwili, nimevaa ovaroli ya marehemu mjomba, miguu ya suruali nimeikunja mara tatu, fundi wa umeme wa magari katika gereji ya Mzee Njoroge. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Watu walikuwa wanatoka sokoni na mizigo yao wanakuja tu kuniangalia nikiwa nimelala chini ya gari. Kuna mama mmoja aliyeuliza kama nimegongwa.

Mzee Njoroge alikuwa amehamia kwetu kutoka upande wa Nyeri kabla mimi sijazaliwa. Mzee mfupi, maneno machache, kofia moja tangu nimjue. Aliniita kairitu, yaani msichana kwa lugha yao, na akaendelea kuniita hivyo hata nilipokuwa na watoto wanne. Yeye ndiye aliyenifundisha kumenya waya kwa kisu bila kugusa nyuzi za ndani, na kujua fyuzi iliyoungua kwa harufu. Nilimpenda yule mzee kama baba, na nilimwogopa pia.

Gereji yake ilikuwa na sheria moja tu. Ukifunga breki kwenye kitu cha kuvutwa, trela au mkokoteni, hakitoki mpaka kijazwe mzigo, na wewe fundi ukae juu ya huo mzigo kwenye kiti kifupi cha kukamulia ng'ombe, halafu mwenye gari akuteremshe polepole mara moja mpaka karibu na mto. Ukirudi mzima, kazi imeisha. Siku hizi askari wa trafiki akikuona umekaa juu ya trela atakukamata, na atakuwa amefanya vizuri sana. Lakini wakati ule njia ile ya mtoni ilikuwa ya ng'ombe na sisi.

Basi akaja Bot Chebet, yaani mama yake Chebet. Huyo ndiye mwanamke wa kwanza niliyemwona akiendesha pikapu, na alikuwa anaiendesha kitambaa kichwani na mkono mmoja nje ya dirisha. Alikuwa anapeleka kabichi Sigowet na kuteremka nazo mpaka Soin, kule kwenye joto ambako kabichi hazikubali. Pikapu yake ilikuwa ndogo, na alikuwa amenunua trela tupu isiyo na taa wala breki.

“Ule mteremko wa Soin unaujua,” akaniambia. “Hii trela ikijaa itanisukuma, na breki za pikapu peke yake hazitatosha. Nataka trela ijishike yenyewe. Utaweza?”

Nilikuwa sijawahi kufanya kazi hiyo peke yangu. Nikamwambia nitaweza, tena ifikapo Alhamisi. Mzee Njoroge akaniangalia, akarudi kwenye kazi yake.

Kazi yenyewe unaijua, ndiyo hii unafanya wewe sasa. Tulichukua ekseli ya gari bovu, na breki zake kila upande. Mbele, kwenye mkono wa trela, tukaweka kipande kinachoteleza, ili pikapu ikipunguza mwendo trela ijisukume mbele, na huko kujisukuma kuvute kebo mbili, moja ya gurudumu la kushoto, moja ya kulia. Ni kazi tamu, trela inafunga breki kwa uzito wake mwenyewe.

Lakini mimi roho yangu ilikuwa kwenye taa. Ai, mwanangu, zile taa! Nilitoa waya kwenye taa za nyuma za pikapu nikazileta kwenye plagi, kila mmoja na rangi yake, na ule mweusi wa kurudisha umeme nikaupitisha peke yake mpaka mwisho, sikutegemea chuma cha trela kama mafundi wavivu. Kila kiungo nilikichoma kwa risasi ya kulehemu nikakifunga tepu, kisha zote zikaingia ndani ya mpira matope yasizifikie. Indiketa zikawaka, taa za breki zikawaka, na nikaongeza mbili ndogo za pembeni ambazo hata Bot Chebet hakuziomba. Jumatano jioni nilipoziwasha watu walijaa. Mzee mmoja wa kanisa alisema hajaona trela imependeza namna hiyo, na kichwa changu kikavimba hata kofia ingekataa kuingia.

Ni jioni hiyo hiyo nilipoangalia kebo ya kulia na kukuta nyuzi zake zimeanza kukatika karibu na mwisho. Nikakata sehemu mbovu. Ikawa fupi, inapungua kama shubiri moja. Kupata nyingine ilikuwa mpaka Kericho mjini, na maduka yalikuwa yamefungwa. Sasa fanya nini? Ningesema tu kwamba bado. Neno dogo kabisa, hata mtoto analijua. Lakini soko zima lilikuwa limeshaambiwa Alhamisi, na walioambiwa waliambiwa na mimi.

Nikachukua waya wa kufungia, ule laini wa wajenzi, nikaukunja mara tatu nikaunganisha nao ile kebo. Nikaupaka grisi. Halafu, na hapa ndipo ninapoona haya mpaka leo, nikachukua brashi nikaupaka rangi nyeusi ufanane na kebo. Nikavuta kwa mkono, gurudumu likashika. Nikajiambia, si limeshika? Nani atalala chini huko kuangalia? Sitakudanganya eti sikujua. Nilijua vizuri.

Alhamisi Bot Chebet akafika mapema na magunia ya kabichi, na mkononi ana kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha. “Chamgei, fundi! Hiki ni chako,” akasema. “Nimekikoroga jana na makaa ya mti wa senetwet. Leo utakunywa kama mtu aliyerudi na ushindi.” Nikakipokea kwa mikono miwili. Nikakiweka juu ya benchi.

Tukapakia kabichi mpaka zikajaa. Mzee Njoroge akatoka ndani na kile kiti kifupi, akakiweka juu ya magunia akakibonyeza kisitingishike. Bot Chebet akaingia kwenye pikapu akawasha injini.

“Kairitu, panda,” akasema mzee.

Nikamwambia ngoja kwanza niangalie indiketa. Nikaangalia indiketa. Nikamwambia pia plagi. Nikaangalia plagi. Nikatoa kitambaa nikafuta taa ambayo ilikuwa inang'aa tayari. Watu wakaanza kucheka, wakidhani nawaonyesha taa zangu tena. Mwishowe nikasema nataka kwenda choo.

“Nenda,” mzee akasema. “Kiti kitakungoja.”

Nikaenda, nikakaa huko mpaka nikaona aibu, nikarudi. Kiti kipo. Nikaweka mguu mmoja juu ya trela. Ule wa pili ukakataa, mwanangu, ukakataa kabisa, kama si wangu. Nilikuwa nauona ule waya uliokunjwa mara tatu kana kwamba nimeushika mkononi. Upande mmoja ukishika na mwingine uachilie, trela inageuka kando na kuvuta pikapu pamoja nayo. Nikainua macho, nikamwona Bot Chebet kwenye kioo chake cha pembeni. Alikuwa anajifunga kitambaa vizuri, akinitabasamia. Mimi nilikuwa naogopa kateremko kadogo ka mtoni, na yeye nilikuwa namtuma Soin.

Nikashusha mguu. Nikalia mbele ya soko zima.

“Mzee,” nikasema, “kebo ya kulia ilikuwa fupi, maduka yamefungwa, nikaiunga na waya wa kufungia, nikaupaka rangi.”

Injini ikazimwa. Bot Chebet akashuka, akaja akasimama mbele yangu. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

“Ungeniacha niende?” akaniuliza.

Nilitaka kusema hapana. Lakini nilikuwa nimeshachoka na uongo tangu jana yake. Nikamwambia, “Kama si hiki kiti, nadhani ningekuacha.”

Halafu akavuta gunia moja la kabichi, akalikalia pale pale kwenye mlango wa gereji. “Basi tengeneza,” akasema, “mimi nikiona.”

Nikamgeukia Mzee Njoroge nikijua kazi imeisha, narudi nyumbani na ovaroli yangu. Nikamuuliza alijuaje kuna kasoro.

“Sikujua,” akasema. “Macho yangu yamezeeka, kairitu, siwezi kuona huko chini ya trela. Mimi naangalia miguu ya fundi.” Akatoa kile kiti juu ya kabichi, akakikalia. “Kebo kuwa fupi si kosa lako. Kutopata nyingine jana usiku pia si kosa lako. Kosa ni ile rangi uliyopaka.”

Hayo tu. Nimesikia mahubiri mengi tangu siku hiyo, mengine ya saa mbili, na hakuna lililonikaa kama hilo.

Nikaenda Kericho nikarudi na kebo mpya. Nikakuta Bot Chebet ameshaanza kuuza pale pale juu ya trela. Anapaza sauti, “Kabichi za fundi mwoga! Kuja uone kabichi za fundi mwoga!” Watu wananunua huku wanakufa kwa kicheko. Saa kumi nilipomaliza kufunga kebo na kuzisawazisha zote mbili zivute sawa, hakukuwa na kabichi hata moja iliyobaki, ikabidi tupakie mawe.

Nikapanda, safari hii bila kuangalia indiketa. Nikakaa kwenye kiti. Mara naona Mzee Njoroge anakuja na kiti kingine, ameshika kofia yake, anatafuta pa kuweka mguu.

“Mzee, wewe unaenda wapi? Aliyefunga breki ni mimi.”

“Wewe umetengeneza trela,” akasema, akihema. “Na wewe umetengenezwa na nani? Songa huko.”

Akakaa karibu nami juu ya mawe. Tukateremka. Nusu ya njia Bot Chebet akakanyaga breki kwa nguvu, makusudi kabisa, yule mama! Trela ikashika pande zote mbili na kusimama imenyooka. Kiti cha mzee kikateleza, akanikamata kwenye kola, akamwita Mungu kwa yowe, “Ngai!” Halafu akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka kabla ya siku hiyo, na nilishangaa jinsi kicheko chake kilivyokuwa chembamba. Tuliporudi gereji nilikunywa ule mursik mpaka kibuyu kikabaki kitupu. Mzee alionja kidogo, akakunja uso, akasema ni dawa.

Bot Chebet aliteremka Soin na trela ile miaka na miaka, na hakupeleka gari lake kwa fundi mwingine. Ila jina halikunitoka. Hata kanisani, watu wakiwa wamefunga macho, alikuwa akipita nyuma yangu akinong'ona, “Fundi mwoga, chamgei.”

Sasa, mwanangu, tuje kwako. Taa zako nimeziona. Jana ulipoziwasha hapa uani hata ng'ombe waligeuka, na nilifurahi, kwa sababu ule waya mweusi umeupitisha peke yake mpaka mwisho na sikuwahi kukwambia. Kazi safi. Kisha nikakuuliza kuhusu breki, na ukaniambia, “Kogo, breki ziko tu sawa.” Ulikuwa unaangalia kuku uliposema hivyo. Kuku hawajawahi kukupendeza.

Sikuulizi ni nini. Pengine si kitu. Ninachokuomba ni hiki. Kitu kisipokuwa tayari, sema hakijawa tayari, hata kama umeshawaambia akina mama wa Roret kwamba Jumamosi utawabebea majani chai. Watanung'unika kidogo, watakuita jina, na jina haliui mtu. Mimi nimeitwa langu maisha yangu yote, na tazama, bado nakula ugali. Usifiche kwa rangi kitu ambacho mtu mwingine atakitegemea kwa maisha yake. Na kazi ambayo wewe mwenyewe huwezi kuikalia, usimpe mwenzako.

Mungu aishike mikono yako, Cherotich. Akupe kazi nyingi na wateja wa kukutania. Kila mteremko utakaoushuka ukufikishe chini salama, wewe na wote walio nyuma yako, na ukizeeka uwe na mtu wa kumfundisha, akushinde.

Kesho asubuhi, umande ukikauka, tutajaza trela mawe tuiteremshe kwenye njia yetu ya shambani. Kama kuna kitu umekipaka rangi, niambie leo, tukitoe pamoja, na nitakushikia tochi. Usiponiambia, basi. Mimi nitakuja na viti viwili, na sitaangalia chochote huko chini. Nitapanda tu, nikae, nikungoje.